Taa ya injini kwenye IST inawaka na kuzima, mafundi wawili wana majibu mawili. Na sevisi ifanywe kila baada ya kilomita ngapi?

Mkazi wa Mbezi:

Wakuu, habari za jioni. Ninamiliki Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ ya lita 1.5, ambayo niliinunua kwa mtu miaka miwili iliyopita ikiwa imetembea kilomita 138,000, na leo inasoma 171,000 na ushee. Siku za kazi huitumia kutoka Mbezi hadi Posta na kurudi, yaani kilomita kama 50 ambazo kwa sababu ya foleni hunichukua karibu saa nne kwa siku, na kila baada ya mwezi mmoja au miwili huenda nayo Morogoro.

Wiki tatu zilizopita ile taa ya rangi ya chungwa yenye picha ya injini iliwaka asubuhi nikiwa natoka nyumbani. Siku ya nne ilizima yenyewe, nikashukuru Mungu, lakini wiki iliyofuata ikarudi. Gari linatembea na nguvu halijapoteza, ila asubuhi sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, hupanda na kushuka likiwa limesimama, na naona kama mafuta yanakwisha haraka kuliko zamani. Fundi wa kwanza, bila kupima chochote, aliniambia nibadilishe sensa ya oksijeni kwa shilingi 150,000. Wa pili alichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, akafuta bila kunionyesha kilichoandikwa, akaniambia niendelee na safari zangu. Taa ilirudi baada ya siku mbili.

Swali la pili ni la sevisi. Fundi wangu husema oili imwagwe kila kilomita 3,000, jirani yangu humwaga kila 5,000, na kopo la oili ninayonunua limeandikwa 10,000. Kati ya hawa watatu, nimsikilize nani?

Fundi Umeme, Arusha:

Mkuu, nianze na rangi, kwa sababu ndiyo inayokuambia una muda kiasi gani. Taa nyekundu inakutaka usimame sasa hivi, mahali pa kwanza palipo salama. Taa ya chungwa au ya njano inakuambia kuna jambo la kushughulikiwa ndani ya siku chache, isipokuwa ile ya injini ikianza kuwaka na kuzima haraka haraka huku gari likimisi. Hapo kuna silinda isiyochoma mafuta, na mafuta hayo mabichi huenda kuungua ndani ya masega ya bomba la moshi, yale yanayosafisha moshi, na kuyaharibu, kwa hiyo punguza mwendo na usilikanyage gari hadi ufike gereji. Yako, kwa maelezo uliyotoa, haiko katika hali hiyo.

Taa kuzima yenyewe isikufariji sana. Kwa kawaida kompyuta ikikosa kuiona hitilafu katika safari tatu mfululizo huizima taa, lakini msimbo, yaani namba ya hitilafu, hubaki kwenye kumbukumbu yake kwa muda mrefu baada ya hapo. Huo msimbo ndio ushahidi wako, na aliyeufuta bila kuusoma amefanya kama daktari aliyechana karatasi ya vipimo vya mgonjwa kabla ya kuitazama. Kuanzia leo, fundi yeyote akichomeka mashine, piga picha ya kioo chake kabla hajagusa kitu kingine.

Msimbo wenyewe nao hautaji kifaa kibovu. Hili ndilo linalowapotosha wengi, mafundi wakiwemo. Chukulia msimbo P0171, ambao kwa dalili zako nisingeshangaa kuukuta: maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, na anayeibadilisha kwa sababu hiyo anamfukuza mlinzi aliyepiga kelele akiona mwizi. Hewa ya ziada inaweza kuwa inaingia kwenye mpira uliopasuka, sensa inayopima hewa inayoingia inaweza kuwa imeshika vumbi, au pampu ya mafuta inaweza kuwa imechoka.

Njia ya kuyatenganisha haya ipo na haina gharama ya kifaa chochote. Mwambie fundi afungue ukurasa unaoonyesha asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, autazame gari likiwa sailensa, kisha akanyage hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kushikilia hapo. Ikiwa nyongeza ni kubwa gari likiwa sailensa na inashuka unapokanyaga, tafuta mpira unaovuta hewa baada ya throto, yaani mlango wa hewa ya injini, kwa maana tundu lile lile lina uzito mkubwa injini inapovuta hewa kidogo, na halihesabiki injini inapovuta hewa nyingi. Ikiwa nyongeza inazidi kupanda kadiri unavyokanyaga, elekeza macho kwenye sensa ya hewa au pampu ya mafuta.

Tahadhari mbili za magari yetu. Kwanza, mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya mwaka 2008 hayaelewani na vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu, kwa hiyo kikikataa kuunganishwa usidhani kompyuta ya gari imekufa. Tafuta fundi mwenye mashine inayoyajua magari ya Kijapani. Pili, ushauri wa kubana kifuniko cha tanki ili taa izime, ambao umejaa mtandaoni, unayahusu hasa magari ya soko la Marekani, ambayo mfumo wao hukagua uvujaji wa mvuke wa petroli. Kwa IST yako usipoteze muda huko.

Mwisho, kwa kuwa gari ulilinunua mkononi: geuza ufunguo hadi taa zote za dashibodi ziwake kabla hujawasha injini. Ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS na ya mifuko ya hewa lazima zote zionekane. Nimefungua dashibodi za kutosha na kukuta balbu imeng'olewa na muuzaji, na moja ilikuwa imezibwa kwa kipande cha plasta ya kidonda.

Dereva Mstaafu, Iringa:

Kijana wangu, fundi amekueleza vizuri habari ya taa ya chungwa. Mimi naongeza mbili nyekundu, kwa kuwa moja ilinila injini nzima.

Nilikuwa napandisha mlima Kitonga na Noah, watu saba na mizigo, na kila nikikata kona taa ya birika la oili ilikuwa inamulika kidogo na kuzima. Nikatazama mshale wa joto, nikauona umetulia katikati, nikajisemea kwamba gari haliwezi kuwa na ubaya ikiwa halijachemsha. Kosa langu lilikuwa hapo hapo. Taa ile haipimi joto wala haipimi wingi wa oili, inapima msukumo wake. Oili ikipungua sana, kwenye kona na kwenye mlima huhamia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, pampu ikavuta hewa, na kwa sekunde hizo vyuma vinasagana vikavu. Nilipofika Ilula injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga nyundo kwenye debe, na haikufika Iringa mjini. Ilikuwa imenoki. Ningesimama kwenye kona ya kwanza, zima injini, ngoja dakika chache, chomoa kijiti cha kupimia oili, ongeza lita mbili za oili, safari ingeendelea.

Ya pili ni taa ya betri. Watu huipuuza kwa kudhani kwamba ubaya wake ni gari kukataa kuwaka kesho. Kwenye injini yako ya 1NZ mkanda unaozungusha alteneta inayochaji betri ndio huo huo unaozungusha pampu ya maji. Mkanda ukikatika, taa ya betri huwaka kwanza, na dakika chache baadaye gari linachemsha na silinda hedi inapinda. Kwa hiyo ikiwaka njiani, simama ufungue boneti utazame kama mkanda upo. Kama upo na umekaza, hapo ndipo useme ni suala la kuchaji tu, na unaweza kusogea hadi kwa fundi ukiwa umezima kiyoyozi na redio.

Mkazi wa Mbezi:

Shikamoo Mzee, na asante sana fundi. Kesho nitatafuta mwenye mashine nzuri. Mke wangu naye anauliza: Vitz yake huwasha taa ya bluu yenye kipimajoto kila asubuhi, je, ni hatari?

Fundi Umeme, Arusha:

Si hatari, inasema tu kwamba injini bado ya baridi, na inapaswa kuzima baada ya mwendo mfupi. Asilikanyage sana kabla haijazima. Kama haizimi hata akifika kazini, thamostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza hadi injini ipate joto, imebaki wazi au kuna mtu aliing'oa, jambo ambalo mafundi wetu wanalipenda sana na mimi silikubali hata kidogo, kwa sababu injini isiyopata joto lake hula mafuta mengi na kuchafua oili mapema.

Mama wa Daftari, Mwanza:

Kaka, mimi si fundi, ni mhasibu, lakini nina daftari la gari langu la miaka tisa, kwa hiyo swali lako la sevisi naomba nilijibu kwa hesabu.

Kilomita 50 kwa saa nne ni mwendo wa wastani wa kilomita 12.5 kwa saa. Maana yake ukifikisha kilomita 5,000 injini yako imezunguka saa 400. Mtu anayesafiri barabara kuu kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa hufikisha kilomita hizo hizo kwa saa 83 hivi. Oili ya wote wawili imeandikiwa namba moja kwenye stika ya sevisi, ilhali yako imefanya kazi karibu mara tano zaidi, tena kwenye joto na bila upepo wa kupoza. Ndiyo maana namba ya kwenye kopo haiwezi kuwa jibu lako, kwani aliyeiandika hakujua unaishi Mbezi.

Toyota wenyewe kwa magari ya petroli ya kawaida ya soko la Japani huelekeza kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lakini wanaotumia gari katika mazingira magumu, yaani vumbi, barabara mbovu, milima, safari fupi fupi au mwendo wa kusimama simama, huelekezwa nusu yake: kilomita 7,500 au miezi sita. Sisi wengi tuko kwenye kundi hilo la pili, na ukizingatia umri wa gari na kwamba oili bandia ipo sokoni, mimi kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, naona inakutosha. Kilomita 3,000 ina maana kwa oili nzito ya zamani. Kwa oili nzuri nyepesi ya 5W-30 unamwaga kitu kizima. Ningeona afadhali fedha hiyo niiweke kwenye filta ya oili ya kweli, ambayo watu huirukia sevisi moja ili kuokoa elfu chache.

Angalia pia kipimo. Injini ya 1NZ huchukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, lakini kopo ni la lita nne na fundi huona uchoyo kukurudishia kilichobaki, kwa hiyo hulimimina lote. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha, gari likiwa kwenye usawa, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili, wala isizidi ya juu.

Mengine hayaendi na oili, na fundi anayekuambia ubadilishe vyote kwa pamoja anakufilisi. Filta ya hewa ikaguliwe kila sevisi, na kama unapita barabara ya vumbi hukumu kwa macho wala si kwa kilomita. Plagi za iridiamu hufika kilomita 100,000, zile za kawaida 20,000. Mafuta ya breki ni kila miaka miwili hata kama gari limelala uani, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa. Na hapa kuna jambo moja: taa nyekundu ya breki ikiwaka hendibreki ikiwa chini, usikimbilie kuongeza mafuta, kwa kuwa mara nyingi yameshuka kwa sababu breki pedi zimelika. Ukiongeza, taa inazima na pedi zinaendelea kuisha kimya kimya.

Mkazi wa Mbezi:

Wakuu, narudi na majibu baada ya siku kumi na mbili. Msimbo ulikuwa P0171 kama fundi wa Arusha alivyohisi, na picha ninayo. Gari likiwa sailensa kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta asilimia 27, na tulipokanyaga hadi 2,500 ikashuka hadi 6. Fundi alizima feni, akainamisha sikio, akapitisha kidole chini ya ule mpira mfupi unaotoka kwenye kifuniko cha vali kwenda kwenye manifodi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini. Kwa juu ulikuwa mzima kabisa. Kwa chini, mahali unapopinda, ulikuwa na mpasuko wa urefu wa ukucha, na alipouziba kwa kidole sailensa ilitulia pale pale. Mpira mpya ulinigharimu chini ya shilingi 15,000. Tulifuta msimbo, na taa haijarudi. Sensa ya oksijeni ni ile ile.

Dada wa Mwanza, kijiti nimekipima Jumamosi: oili ilikuwa juu ya alama ya juu kwa karibu nusu sentimita, nikaipunguza. Stika mpya nimeiandika kwa mkono wangu: kilomita 176,400 au miezi sita.