Naomba ushauri: mbegu ya muhogo ya mama inachoka, nisingependa kuipoteza

Wakulima wenzangu, shikamooni wakubwa. Nina ekari moja na nusu ya muhogo huku Mkuranga. Mbegu aliianzisha marehemu mama. Kila msimu tunakata pingili humo humo shambani na kupanda tena, kwa hiyo mti ni ule ule tangu nikiwa mdogo. Mtamu, hauna uchungu hata ukitafunwa mbichi.

Misimu mitatu hii mavuno yanashuka. Mashina machache yana batobato, ule ugonjwa wa virusi wa muhogo, majani yamejikunja, hayo nang'oa. Kinachonitesa ni mashina yanayoonekana mazima kabisa, lakini ukichimba na kukata muhogo unakuta madoa ya kahawia, makavu, haufai hata kwa makopa. Nzi weupe nao wamejaa chini ya majani.

Jirani anasema mbegu imezeeka. Mimi naona si uzee, maana pingili ni mmea ule ule. Nadhani ni virusi tunavyovirithisha wenyewe kila tunapokata.

Mwaka huu nimefunga kamba kwenye mashina 40 yenye majani safi. Nataka nichimbe kila moja, nipasue mihogo yote, na nichukue pingili kwa yale tu yasiyo na doa. Je, inatosha, au virusi vinaweza kuwamo bila doa? Kitalu nikitenge umbali gani na shamba la zamani? Na kuna aliyewahi kupeleka mbegu yake ya asili TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), Kibaha au Mikocheni, ikasafishwa kwa tishu kalcha, yaani kuoteshwa upya maabara kutoka kipande kidogo cha mmea? Alianzia wapi?

Tafadhali msiniambie tu ninunue mbegu mpya. Hii nataka wanangu waikute.