Kutoa makala ya jarida kwenye tasnifu: uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, Mombasa

mtafiti_kisauni

Salaam wakuu. Nina tasnifu ya uzamili ya kurasa 94 nataka kuitoa makala moja ya jarida. Ni hojaji ya wanawake 420 wa miaka 30 hadi 49 waliohudhuria kliniki 12 za umma: mbili kila kaunti ndogo (Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni, Mvita), 35 kila kliniki. Swali kuu ni kama mwenye ufahamu mzuri wa saratani ya mlango wa kizazi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa amewahi kuchunguzwa. Nimetumia rigresheni ya lojistiki. Idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na utafiti) ninazo.

Nakwama hapa: (1) nikate nini, maana jarida linataka maneno 3,500, (2) takwimu zikae vipi zisirudishwe, (3) mkuu wa idara ataka jina lake liwemo, (4) nimeandikiwa barua pepe na jarida linaloahidi kuchapisha kwa siku tano kwa dola 150. Msaada tafadhali.

---

hesabu_na_afya

Usianze na kukata maneno. Anza na dai lako, kwa sababu hapo ndipo mhakiki ataingilia.

Umeuliza ufahamu na uchunguzi siku moja, kwenye hojaji moja. Mwanamke aliyechunguzwa alikaa kwenye benchi la kliniki, muuguzi akamweleza virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hii, ni nini, akaondoka na ufahamu ambao hakuingia nao. Kwa hiyo huenda uchunguzi ndio ulioleta ufahamu, wala si ufahamu ulioleta uchunguzi, na data yako haiwezi kutenganisha. Andika "ufahamu ulihusiana na kuwahi kuchunguzwa". Ukiandika "ufahamu huongeza uchunguzi", umeshaandikiwa jibu la kukataliwa. Maneno kama "athari", "kusababisha" na "kuchangia" yapekue kwenye faili nzima, hasa ikisiri na hitimisho, maana huwa yamejificha huko.

Sasa OR (uwiano wa odds, namba inayotoka kwenye rigresheni ya lojistiki). Tuseme, kwa hesabu tu, kati ya wanawake 210 wenye ufahamu mzuri 126 wamechunguzwa (asilimia 60), na kati ya 210 wenye ufahamu mdogo ni 84 (asilimia 40). Uwiano wa viwango, PR, ni 60 kwa 40, yaani 1.5. OR yake ni 2.25. Waandishi wengi wakiiona 2.25 huandika "mara mbili na zaidi", na hilo si kweli. Tokeo likipita takriban asilimia 10 ya watu, OR hutia chumvi. Tumia rigresheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara, utoe PR na CI (masafa ya uhakika) ya asilimia 95. Ukiamua kubaki na OR, usiisome kama mara ngapi.

Kliniki nazo usizisahau. Wanawake wa kliniki moja hufanana: muuguzi ni mmoja, vifaa ni vilevile, mtaa ni mmoja. Mfanano huo ukiwa mdogo tu, tuseme 0.02, athari ya muundo (kiasi ambacho kufanana huko kunapunguza uzito wa sampuli) ni 1 + (35 − 1) × 0.02 = 1.68. Sampuli yako ya 420 inabaki na uzito wa 250, na asilimia 50 iliyokuwa na ukingo wa 4.8 kila upande sasa ina 6.2. Uchambuzi unaojifanya kwamba kliniki hazipo hutoa CI nyembamba kuliko haki yake. Tena vikundi 12 ni vichache, hivyo makosa sanifu imara ya kawaida hutoka madogo mno. Omba marekebisho ya vikundi vichache. Kwenye programu ya takwimu ya R, kifurushi cha clubSandwich kinafanya kazi hiyo.

Alama za ufahamu usizikate kwenye wastani. Wastani ni wa sampuli yako. Akija mtu na sampuli nyingine, "ufahamu mzuri" utakuwa kitu kingine. Ziache kama alama, utoe PR kwa kila nyongeza ya alama moja au mbili. Na vigeu vya kurekebisha usivichague kwa p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kama uhusiano haupo) chini ya 0.2 kwenye jedwali la kwanza, ingawa najua tasnifu nyingi hufundishwa hivyo. Chora mchoro wa nani anaathiri nani, uchague umri, elimu na umbali wa kliniki kwa sababu unazoweza kuzieleza. Ukimaliza, jadili ufahamu pekee. Namba za elimu na umri ndani ya modeli hiyohiyo hazisomeki kwa namna ileile, kwa vile modeli ilijengwa kwa ajili ya ufahamu.

Kukata sasa kunakuwa rahisi. Sura ya mapitio ya maandishi inakuwa aya tatu. Utangulizi maneno 400 au 500, mbinu 1,000, matokeo 700, mjadala yaliyobaki. Andika majedwali kwanza, kisha matokeo, kisha mbinu. Utangulizi uje karibu na mwisho. Orodha ya STROBE (mwongozo wa kuripoti tafiti za aina hii) ina vipengele 22. Ijaze kwa namba za kurasa kabla ya kutuma, si baada ya jarida kuidai. Kichwa nacho kiseme "wanawake wanaohudhuria kliniki za umma". Si wanawake wa Mombasa. Asiyekanyaga kliniki hukumuuliza.

---

muuguzi_likoni

Ya takwimu yamesemwa. Mimi nauliza: "kuchunguzwa" umekupimaje? Kama umemuuliza mwanamke tu bila kutazama rejista, sema hivyo waziwazi. Mwanamke aliyewahi kuwekewa kipanuzi wakati wa koili anaweza kukujibu ndiyo kwa nia safi kabisa. Hiyo inapandisha kiwango, na usidhani inakipandisha sawa kwa wote: mwenye ufahamu mdogo ndiye anayechanganya zaidi. Ikiwa uliuliza pia ni kipimo gani, toa mgawanyo: VIA (kutazama mlango wa kizazi kwa macho baada ya kupaka asidi ya asetiki), Pap (kuchunguza seli), au HPV (kupima virusi). Hojaji ya Kiswahili iambatishe kama ilivyotumika, wahakiki waone swali lenyewe.

Ukitaja VIA kwenye utangulizi, taja kwa usahihi: asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, husubiriwa angalau dakika moja kabla ya kusoma. Ukitaja HPV, eleza kama sampuli ilichukuliwa na muuguzi au na mwanamke mwenyewe.

Kosa jingine naliona kila mara: kulinganisha kiwango cha "kuwahi kuchunguzwa" na shabaha ya asilimia 70 ya WHO. Ile 90-70-90 ya kufikia 2030, yaani shabaha za WHO za kutokomeza saratani hii, inasema asilimia 70 ya wanawake wachunguzwe kwa kipimo cha ubora wa juu wakifika miaka 35, na tena wakifika 45. VIA haiingii hapo. Hivyo mwanamke wako wa miaka 48 aliyefanya VIA mara moja hahesabiki kwenye shabaha hiyo, na huwezi kuandika kwamba Mombasa "imebakisha" asilimia kadhaa.

Hitimisho lako lisiruke kwenye chanjo. Kenya ilianza chanjo ya HPV kitaifa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Wanawake wako wa miaka 30 hadi 49 hawakuwa walengwa, wala hukuuliza lolote kuhusu chanjo. Pendekezo la "chanjo iongezwe" ni zuri, lakini halikutoka kwenye data hii.

Na GLOBOCAN (makadirio ya saratani ya nchi zote duniani): chagua toleo moja ulitaje mwaka. Usichukue 2018 na 2022 ukaandika kwamba saratani imeongezeka, kwa sababu mbinu na vyanzo hubadilika kati ya matoleo. Makadirio ya Kenya huegemea sajili za maeneo machache, kama Nairobi na Eldoret. Usiyageuze kuwa takwimu za Mombasa.

---

kalamu_ya_mvita

Nijibu ya tatu na ya nne.

Uandishi: majarida mengi ya tiba hufuata masharti manne ya ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba), na yote manne lazima yatimie. Mtu awe amechangia kwa kiasi kikubwa muundo wa utafiti, au ukusanyaji, uchambuzi au tafsiri ya data. Awe ameandika rasimu au ameihakiki kwa kina. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kusaini barua za idara si mojawapo. Njia isiyovunja adabu ni kumtumia mkuu rasimu mapema pamoja na masharti hayo manne, ukimwomba mchango wa maandishi ndani ya wiki mbili. Akichangia kwenye muundo au tafsiri ya matokeo, akahakiki, akaidhinisha toleo la mwisho na kukubali kuwajibika, basi ni mwandishi kwa haki. Akikaa kimya, mweke kwenye shukrani, na hata huko omba idhini yake kwa maandishi. Yafanyeni hayo kabla ya kutuma; kuongeza au kuondoa jina baadaye kunadai saini za wote.

Jarida la siku tano liache. Uhakiki wa kweli huchukua wiki kadhaa hadi miezi. Anayekuahidi kukubaliwa kabla ya kusoma anakuuzia ukurasa wa tovuti. Tafuta jina lake kwenye DOAJ (orodha ya majarida huria), pitia maswali ya Think. Check. Submit. (tovuti ya kukusaidia kupima jarida), kisha hakiki kwamba namba ya ISSN ni ya jarida hilohilo, maana kuna tovuti zinazoiga majina ya majarida halali.

Kwa kazi ya aina yako ningeangalia Pan African Medical Journal, African Health Sciences, East African Medical Journal, au BMC Women's Health. Soma makala tano za karibuni za kila moja. Usipoona hata moja ya hojaji, songa mbele. Cancer Prevention Research ni jarida zuri, ila hojaji ya kliniki itarudi bila hata kufika kwa wahakiki. Ada ya uchapishaji: ombi la msamaha liandikwe wakati wa kutuma. Wachapishaji wengi hawalipokei makala ikishakubaliwa.

Kitu kidogo kinachosumbua wengi: tasnifu yako ikiwa kwenye hazina ya chuo, programu ya kulinganisha maandishi itaonyesha mfanano mkubwa. Mtaarifu mhariri kwenye barua ya kuambatanisha kwamba makala imetokana na tasnifu iliyo hazinani, uweke kiungo. Na usitume majarida mawili kwa wakati mmoja, hata kama la kwanza limekawia.

---

mtafiti_kisauni

Shukran sana nyote. Mawili yamebaki. SPSS (programu yangu ya takwimu) inaonyesha p = 0.000, naandikaje? Na jarida linadai data iwekwe wazi.

---

hesabu_na_afya

Andika p < 0.001. Hiyo 0.000 ni SPSS imefupisha desimali, hakuna p iliyo sifuri. Nyingine zote toa thamani yenyewe, kama 0.03, usiandike "NS" (si muhimu kitakwimu). Na kama kuna wanawake waliokosa jibu la kigeu fulani, onyesha idadi yao chini ya kila jedwali. SPSS huwaondoa kwenye modeli bila kukuuliza, ndipo msomaji anakuta jumla ya 420 jedwali la kwanza na 389 jedwali la tatu.

---

kalamu_ya_mvita

Data: taarifa za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kufuta majina hakutoshi. Jina la kliniki, umri kamili, idadi ya watoto na hali ya HIV vikikaa mstari mmoja, muuguzi wa kliniki hiyo anaweza kumtambua mgonjwa wake. Badilisha kliniki ziwe namba, umri uwe makundi ya miaka mitano, watoto "5 na zaidi". Kisha pitia upya: mchanganyiko wowote wenye watu chini ya watano uunganishe na mwingine.

Kabla ya hayo yote, fungua fomu ya ridhaa. Ikiwa iliwaahidi kwamba majibu yataonwa na watafiti pekee, usipakie chochote. Kwenye kipengele cha upatikanaji wa data eleza kwamba itatolewa kwa ombi kupitia kamati ya maadili, utaje jina la kamati na namba ya idhini.