Viwanda vya kale vya mkonge kati ya Tanga na Pangani: tuanzie wapi kuvinusuru?

Mkaazi wa Pangani ameuliza:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninaomba ushauri wa wenye ujuzi juu ya viwanda vya kale vya mkonge vilivyotelekezwa katika mwambao wetu. Urithi wa pwani unapozungumzwa hutajwa magofu ya Tongoni, misikiti ya kale na maboma ya Wajerumani, ilhali viwanda hivi ndivyo vilivyoijenga Tanga tunayoijua. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipoagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg mwaka 1893, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikokwe, karibu na mji wetu wa Pangani. Kutokana na mbegu hiyo, kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikizalisha takriban tani 230,000 kwa mwaka na kuongoza duniani.

Kiwanda kinachonisumbua moyo kipo karibu na bahari. Bati za upande unaopigwa na kusi zimetoboka kwa kutu, na mvua inaingia moja kwa moja hadi kwenye korona, yaani mtambo wa kuponda majani ya mkonge, ambayo bado imesimama mahali pake. Reli nyembamba ya matoroli yaliyokuwa yakileta majani kutoka shambani imekwisha kung'olewa. Katika chumba cha karani kuna madaftari yaliyorundikwa sakafuni yakiliwa na mchwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamekuja kupima mitambo iliyobaki. Je, sheria inalinda majengo ya namna hii, na sisi wananchi wenye uwezo mdogo tuanze na lipi?

Msanifu wa majengo, Tanga:

Ndugu Mkaazi, umeuliza jambo lililocheleweshwa mno. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalitambua jengo kuwa kumbukumbu moja kwa moja endapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Kiwanda cha mkonge, kwa kuwa mkonge wenyewe uliingia miaka 30 baadaye, hakiwezi kamwe kuingia kwa mlango huo. Hata hivyo, Waziri mwenye dhamana ana mamlaka ya kutangaza jengo la baadaye kuwa kumbukumbu inayolindwa kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, na hiyo ndiyo njia yenu. Andaeni andiko fupi lenye ramani, picha na historia ya mahali, lipitie serikali ya kijiji na ofisi ya utamaduni ya halmashauri, kisha lifike idara ya Mambo ya Kale. Kabla ya hayo yote, jueni nani anamiliki ardhi hiyo leo, kwa maana mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 na baadaye yakabinafsishwa, na andiko lisilo na ridhaa ya mwenye hati litakwama mezani.

Kuhusu jengo lenyewe, nakuomba uwazuie watu wenye nia njema wanaotaka kulipiga lipu ya saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa unahitaji kupumua. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Kwenye nguzo za zege tatizo ni nondo, ambazo zikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Mkiona ufa unaofuata mstari wa nondo, msiuzibe juu juu.

Fundi mitambo mstaafu:

Nimefanya kazi ya korona kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninasema kwa uchungu kwamba mitambo ikiondoka, kitakachobaki ni banda tu. Mtu anayeingia anapaswa kuona jinsi majani yalivyopangwa kwenye mkanda, yakaingia kwenye ngoma zenye visu butu zilizoyaponda huku maji yakisukuma nyama ya jani, hadi zikabaki singa, yaani nyuzi za mkonge, ambazo hazifiki hata sehemu moja kwa kumi ya uzito ulioingia. Kisha zilianikwa juani, zikapita kwenye brashi, zikafungwa marobota. Ukiiuza ngoma moja, maelezo yote hayo yanakuwa hadithi isiyo na ushahidi.

Lipo bamba dogo la chuma lililopigiliwa ubavuni mwa kila mtambo, lenye jina la mtengenezaji, mji na namba. Lipigeni picha leo, kwa sababu hung'olewa kabla ya kitu kingine chochote. Mashafti na beringi zipakeni grisi nzito, na mtambo uandikwe mahali ulipo bila kusogezwa. Fedha za kwanza mtakazopata ziende kwenye paa. Hata turubai lililofungwa vizuri juu ya korona litawapa muda wa kufuatilia barua hizo za serikali.

Binti wa manamba:

Shikamoo mzee Fundi, na asanteni wote. Ninaunga mkono yote mliyosema, ila mnazungumzia ngoma na kuta kana kwamba kiwanda kilijiendesha. Babu yangu aliletwa kutoka Kigoma kupitia SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua iliyoanzishwa mwaka 1944, na wenzake walitoka Songea, Msumbiji, Ruanda na Urundi. Walipimwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na ujira ulitegemea siku hizo zikamilike. Kwa hiyo ninaomba andiko lenu liingize pia nyumba za laini walimolala, hata kama ni vyumba vyembamba visivyo na uzuri wowote, pamoja na makaburi yao kama yanajulikana. Jengo likihifadhiwa bila laini, wageni wataonyeshwa mali ya mwenye shamba na kurudi makwao.

Na yale madaftari, kaka yangu, yasisubiri kibali cha Waziri. Huenda humo mna majina ambayo familia nyingi zimeyatafuta bila kuyapata. Yatolewe sakafuni kwa idhini ya mwenye shamba, yawekwe mahali pakavu, na kila ukurasa upigwe picha kwa simu kabla haujavunjika.

Mkaazi wa Pangani:

Dada yangu, wazo la laini sikuwa nalo, na nitaliingiza katika ukurasa wa kwanza wa andiko. Mwenyekiti wa kijiji amekubali tukamwone msimamizi wa shamba, na ombi letu la kwanza litakuwa mambo mawili: asiuze chuma chochote wakati andiko linaandaliwa, na aturuhusu kuyahamishia madaftari kwenye ofisi ya kijiji. Mzee Fundi, nitashukuru ukinieleza turubai la ukubwa gani litafunika korona nzima pamoja na mkanda wake.

Fundi mitambo mstaafu:

Marahaba, mjukuu wangu. Wewe Mkaazi, pima kutoka mahali majani yanapoingia hadi singa zinapotokea, ongeza mita 2 kila upande, na msilifunge likagusa chuma, kwa sababu jasho linalojikusanya chini yake litaleta kutu ileile mnayoikimbia. Jengeni kiunzi cha miti kwanza.