Mrejesho: malengo yangu ya mazoezi ya judo

Habari wakuu. Niliwauliza kama nikazanie mkanda mweusi au niwe na lengo jingine, na wengi mkanishauri nishike mbinu moja kwanza. Nimefanya hivyo, nawashukuru sana.

Nilichagua osoto-gari, ule mtupo wa kufyeka mguu wa mpinzani kwa nyuma. Nguvu ya mguu peke yake haitoshi: lazima umvute na kumsukuma mpaka uzito wake ulalie kisigino cha mguu unaotaka kuufyeka. Ukiwahi, yeye ndiye anakutupa. Kwa hiyo narudia kuingia tu, bila kutupa, hadi mikono na miguu iende pamoja. Ndipo nimeelewa kwa nini Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka 1882, alisisitiza matumizi bora ya nguvu.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni mazoezi ya kuanguka: kidevu kifuani, mkono upige mkeka. Hofu imepungua, na pambano la mazoezi sasa nalisubiri kwa hamu.

Mkanda utakuja. Sasa nataka kuanza na ouchi-gari, ule mtupo wa kufyeka mguu wa mpinzani kwa ndani, kisha nimalizie na osoto-gari. Anayeziunganisha vizuri anielekeze: mkono unaoshika ukosi wa mpinzani unaubadilisha wakati gani?