Masika haya tufunge tairi lenye kashata au lisilo na kashata? Tujadili

Wakuu, habari za jioni. Kundi letu la baiskeli hapa Arusha limepitisha sharti jipya: kuanzia Machi hadi masika yaishe, mwenye baiskeli ya mbio yenye matairi yasiyo na kashata (ile michongo ya juu ya mpira) haruhusiwi kwenye msafara wa Jumamosi wa kwenda Boma Ng'ombe. Waliolipitisha wana nia njema, kwa sababu mwaka jana wenzetu wawili walianguka kwenye lami yenye maji. Mmoja wao ni mimi. Hata hivyo sharti hili nalipinga, na naomba nijibiwe kwa hoja.

Nilianguka Tengeru, Jumamosi ya soko. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza inadondoka, lami imelowa juu juu tu, vumbi na mafuta ya magari yamegeuka utelezi. Sikufunga breki. Nilipinda kidogo kumkwepa mama mwenye tenga la ndizi, gurudumu la mbele likakanyaga rangi nyeupe ya kivuko, na papo hapo nikawa chini, nyonga inauma, baiskeli inaburuzika mbele yangu. Tairi lile lilikuwa halijamaliza miezi miwili. Kashata zake zilikuwa kamili, hata vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani vilikuwa bado vimesimama pembeni.

Sasa tuulizane: kashata kwenye lami ni za nini? Kwenye gari ni za kukimbiza maji. Tairi la gari ni pana na bapa, likikuta maji mengi kwa kasi linaweza kupanda juu yake na kuelea. Tairi la baiskeli ni jembamba, la mviringo, na limejazwa upepo mwingi, kwa hiyo linayapasua maji lenyewe. Miaka ya 1960 watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliokuwa wanachunguza matairi ya ndege walitoa kanuni ya kukadiria kasi ambayo tairi huanza kuelea: chukua upepo kwa PSI (kipimo cha presha kinachosomwa kwenye geji ya pampu), tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 16.6, unapata kilomita kwa saa. Mwenye PSI 64 kipeuo chake ni 8, kwa hiyo ni kama kilomita 133 kwa saa. Nani kati yetu anafika huko, hata kwenye mteremko? Kuelea juu ya maji siyo kinachotuangusha.

Kinachotuangusha ni mpira wenyewe kushindwa kuishika lami. Mpira mgumu unadumu, lakini ukilowa unateleza. Matairi ya mvua yaliyotengenezwa vizuri huchanganywa silika (unga wa madini, kwa Kiingereza silica) ili mpira ubaki na mshiko kwenye unyevu. Halafu kuna umri. Tairi lililoning'inizwa nje ya duka na kupigwa jua mwaka mzima linauzwa kama jipya, na wengi tunalinunua kwa kuangalia kashata tu. Kabla ya kutoa hela, likandamize kwa ukucha. Likikaa kama kwato, liache. Likunje kidogo ubavuni pia. Ukiona mipasuko myembamba kama nywele, mpira huo umeshakauka.

Upana nao una neno lake. Zamani tuliaminishwa kwamba milimita 23 ndiyo mwendo. Mimi sasa natumia 28, na fremu ikiruhusu 30 ningeweka 30. Tairi pana linakubali upepo mdogo bila rimu kugonga chini, na upepo ukipungua linalala vizuri kwenye lami yenye kokoto badala ya kurukaruka. Nina kilo 70. Siku za mvua najaza PSI 60 mbele na 65 nyuma, baada ya kuangalia kiwango cha chini kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Wapo kwenye kundi letu wanaojaza 110 mpaka tairi linalia ukiligonga, kisha wanalaumu mvua.

Nimerudi baada ya kusoma majibu.

Mzee wangu fundi, shikamoo. Umesema matairi ya mpira laini yanakwisha haraka, na kwamba barabara hii ya malori imejaa vijiwaya vya matairi yaliyopasuka, kwa hiyo kijana asiye na hela afadhali achukue gumu. Hapo sikubishii hata kidogo. Wiki iliyopita nimetoa kijiwaya kimoja kwa kibanio cha nyusi, hakizidi nusu ya punje ya mchele, na kilishanila tyubu mbili kabla sijakigundua. Masika ndiyo mabaya zaidi, maana maji yanakilainishia kioo njia ya kukata mpira. Ndiyo sababu ninafuta matairi kwa kitambaa kila nikirudi na kuyapitia kwa kidole polepole.

Ila mzee, kwani lazima matairi yote mawili yafanane? Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi unatikisika na kuendelea. La mbele likiteleza, umeanguka. Na la nyuma ndilo linalobeba uzito mwingi na kuisha mapema. Basi mwenye hela ya tairi moja zuri alifunge mbele, nyuma abaki na hilo gumu la kudumu. Likiisha la nyuma, la mbele linahamia nyuma na jipya linaingia mbele. Mimi ndivyo nilivyofanya na Grand Prix 4-Season ya Continental niliyoletewa na ndugu yangu kutoka Ujerumani. Halina kashata za kutisha, lakini lina kitambaa cha nyuzi imara ziitwazo Vectran chini ya mpira wa kukanyagia kuzuia pancha. Bei iliniuma, sikatai.

Dada wa Usa River, wewe unapita kilomita tatu za vumbi kabla ya kufika lami, na mvua ikinyesha ni tope tupu. Kwako kashata zina kazi kweli, kwa sababu tope linang'atika na lami haing'atiki. Chukua pana, lenye kashata pembeni na katikati bila kashata. Sharti la kundi lingekuwa la barabara yako, ningelipigia kura.

Kwa hiyo napendekeza tubadilishe sharti: Jumamosi kabla ya kuondoka tupime upepo, tukandamize mpira wa tairi la mbele kwa ukucha, tuangalie mipasuko. Pampu yenye geji ninayo, nitakuja nayo. Na wale mnaobeba mizigo kwa Phoenix za inchi 28, tairi gani limewavusha masika mawili bila kuwaangusha?