Ulinganisho: treni ya mfano ya baba na mtoto wa miaka 8. Ya umeme, Lego, au tuunde wenyewe?

BabaWawili (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo kabla sijatoa hela.

Nimekulia Tabora, karibu na stesheni kiasi kwamba saa ya kulala tuliijua kwa honi. Marehemu baba alikuwa fundi wa mabehewa. Sasa mwanangu wa miaka 8, tangu tupande SGR kwenda Dodoma, hatulii. Vikombe vimekuwa mabehewa, kandambili ndiyo mchongoko (ile treni ya pua iliyochongoka), na bibi yake keshateuliwa mkagua tiketi, tena anaidai kweli kila ukipita koridoni. Nami niseme ukweli, nimeambukizwa. Usiku najificha na simu kuangalia video za wazee wa Ulaya wenye vitreni vinavyozunguka chumba kizima.

Nina njia tatu. Shemeji yuko Uingereza, amepata seti ya treni ya umeme ya Hornby iliyotumika: kichwa, mabehewa matatu, reli za kuzunguka na kidhibiti mwendo. Ya pili ni treni ya Lego, mpya dukani. Ya tatu, jirani ananiambia nisichezee hela, tuunde wenyewe kwa kadibodi na mota ya deki mbovu.

Bajeti laki tano, mwisho. Nafasi ni kona ya sebule, wageni wakija inabidi ipishe. Swali langu ni moja: ipi itatufanya tucheze wote wawili? Sitaki ile ya baba kuendesha na mtoto kutazama.

---

MzeeWaPointi (Nairobi)

Karibu chamani. Anza na vipimo, maana hapo ndipo wengi hununua vitu visivyoelewana.

Kipimo cha H0 ni 1:87, yaani mita 87 za kweli zinakuwa mita moja mezani, na reli zake zina upana wa milimita 16.5. Hornby ya Waingereza ni OO, 1:76. Treni zake ni nene kidogo lakini reli ni zilezile za 16.5, kwa hiyo vinapita njia moja. N ni 1:160, reli milimita 9.

Sasa mpe kijana kikokotoo. SGR, yenu na yetu, ina upana wa milimita 1435. Gawa kwa 87: inakuja 16.49. Reli ya H0 ndiyo SGR yenyewe! Reli ya Kati ya mzee wako ni milimita 1000, ukigawa unapata 11.5, ndiyo maana wanaopenda reli za mita moja hutumia njia ya milimita 12, inaitwa H0m. TAZARA yenye 1067 nayo inaangukia karibu hapo hapo. Binti yangu alifanya hesabu hii akiwa gredi ya tano, kwa hiari yake. Zile za kitabu mpaka leo tunagombana.

Nafasi: kona ndogo kabisa ya Hornby ina nusu kipenyo cha milimita 371, hivyo ubao wa sentimita 120 kwa 90 unabeba njia ya yai vizuri. N ingekaa kwenye nusu ya hapo, lakini kurudisha behewa la N relini ni kazi ya vidole vya fundi saa. Mtoto wa miaka 8 atakuita kila dakika mbili, na wewe ndiye utakuwa unacheza.

Mkija Nairobi mpeleke makumbusho ya reli. Kuna kichwa cha mvuke aina ya Garratt, namba 5918, Mount Gelai, moja kati ya zile 34 zilizoundwa na Beyer Peacock kule Manchester miaka ya 1955 na 1956, zote zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Iko pia 5930, Mount Shengena, mlima wa kwenu Upare. Tani 250 hivi juu ya reli ya mita moja. Binti yangu alisimama pale akauliza, "Baba, hii ndefu hivi inapindaje kona?" Tulirudi nyumbani tukaunganisha maboksi matatu ya kiberiti kwa pini: la katikati ndilo boila, limening'inia kati ya mawili ya pembeni, na kila la pembeni lina magurudumu yake na linageuka kivyake. Boksi la kiberiti likapinda kona ya meza. Hakuna seti niliyowahi kununua iliyonipa jioni kama ile.

---

Kisiki (Morogoro)

Laki tano kwa mdoli? Nunua mbuzi, mkuu. Mbuzi anazaa.

---

MwanaBara_HH (Hamburg)

Kisiki umenichekesha, lakini mbuzi haendi Kigoma.

BabaWawili, jambo la kwanza ni umeme. Seti ya Uingereza ina bahati: plagi yao ya miguu mitatu ndiyo ya nyumbani na volti zinaelewana, kwa hiyo unachomeka tu. Usije ukaletewa ya Marekani ya volti 120 au ya Japani ya volti 100 ukaichomeka Dar. Utasikia harufu kabla treni haijasogea. Kwenye reli zenyewe zinafika volti 12 hivi, akizigusa hadhuriki. Cha kuchungwa ni kile kinachoingia ukutani. Na mtu asikuchanganyie vifaa vya Märklin, kampuni ya Wajerumani: njia zao za H0 hupeleka umeme kwa vinundu vilivyo katikati ya reli, kichwa cha Hornby hakitatembea hapo.

La pili linaniuma, lakini umeuliza. Hapa mjini kuna Miniatur Wunderland, maonyesho makubwa ya treni za mfano, ya mapacha wa familia ya Braun, yalifunguliwa mwaka 2001. Nilimpeleka mwanangu akiwa na miaka 6. Aliyetoka pale amechanganyikiwa ni mimi. Nikanunua treni, nikajenga milima kwa plasta, nikaweka taa za barabarani zisizozidi urefu wa njiti ya kiberiti. Kila alipokaribia nilisema "usiguse". Baada ya miezi minne alikuwa hakaribii tena. Sasa ana miaka 15 na anacheza mpira. Treni ziko darini, kwenye boksi, na ufunguo ninao mimi.

Kwa hiyo Hornby ni nzuri, tena iliyotumika ni bora kuliko mpya, kwa sababu ikikwaruzwa moyo haushtuki.

---

MamaTwalha (Mombasa)

Nyie wanaume mwaongea milimita mpaka mtoto kalala. Kwetu mpenda treni ni mimi, si baba yao, na tuna Lego mwaka wa tatu.

Uzuri wake: reli ni plastiki tupu, umeme haupiti humo. Betri sita ndogo zimo ndani ya treni, na inaendeshwa kwa rimoti. Vipande 16 vya kona vyafanya duara, si zaidi ya sentimita 70 hivi kwa upana. Wageni wakibisha hodi, dakika tano kila kitu kwenye beseni. Na ikianguka ikavunjika, kuijenga tena ndiyo mchezo wenyewe. Wangu wawili hawajawahi kuambiwa wasiguse.

Ubaya: betri. Mimi na muuza duka sasa ni kama ndugu. Na haifanani na treni yoyote waijuayo. Mwanangu alitaka Madaraka, treni yetu ya SGR, akapaka karatasi rangi akaibandika ubavuni, ikawa Madaraka.

Kuhusu hiyo Hornby: muulize shemejio ashikishe sumaku kwenye reli. Ikinata, hizo ni za chuma, na kwa unyevu wetu wa pwani zitashika kutu hata kabla ya masika kwisha. Isiponata, yaelekea ni zile za mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Wenyewe huziita fedha ya nikeli, ingawa hamna fedha humo hata chembe. Hizo wazifuta kwa kitambaa na spiriti ya duka la dawa, basi.

Na kama "wawili" wa jina lako ni pamoja na mdogo anayetambaa, betri bapa mfano wa sarafu zisiingie nyumbani kabisa. Hilo silifanyii mzaha.

---

FundiMaboksi (Mwanza)

Jirani yako ana akili, msikilize. Mimi na kijana wangu wa miaka 9 hatujanunua kitu zaidi ya gundi.

Behewa: kadibodi ya boksi la sabuni. Tuseme behewa la kweli lina mita 25, ukigawa kwa 87 ni sentimita 29 kasoro kidogo. Anapima yeye, nakata mimi, kisu bado simpi. Magurudumu ni vifuniko vya chupa za maji, viwili vinagundishwa mgongo kwa mgongo, kikubwa ndani, kidogo nje, ili kuwe na ukingo wa kushika reli. Ekseli ni vijiti vya mishikaki ndani ya mrija wa soda. Reli pia ni vijiti vya mishikaki juu ya mataruma ya kadibodi. Mota ya deki ya DVD, betri mbili za redio ndogo, rababendi kutoka kwenye mota hadi ekseli.

Nikwambie ukweli: treni ya kwanza haikutembea. Ya pili ilirudi nyuma, tukageuza waya. Ya tatu ilienda sentimita 40 ikang'oa rababendi. Vifuniko ni vikubwa kwa kipimo hicho, linaonekana kama behewa limevaa gambuti. Na kona hatujaziweza mpaka leo, tunaenda Mwanza–Shinyanga moja kwa moja na kurudi. Kama uvumilivu wako ni mfupi, chukua ya shemeji.

---

MzeeWaPointi

FundiMaboksi, kona haziwezekani kwa sababu magurudumu yako yote yamekazwa kwenye kiunzi kimoja. Rudi kwenye viberiti vyangu. Weka ekseli mbili mbili kwenye kipande kinachozunguka kwa pini moja chini ya behewa.

---

FundiMaboksi

Kesho tunajaribu. Kijana kashaanza kutafuta pini kwenye kikapu cha mama yake, na mimi sijaona kitu.

---

BabaWawili

Nimerudi baada ya wiki tano. Asanteni sana.

Shemeji alishikisha sumaku, haikunata. Nikachukua Hornby. Lego nimeiacha, si kwa ubaya, bei ya dukani ilikula bajeti yote na chenji haikubaki hata ya betri za MamaTwalha. Hela iliyosalia imeenda kwa seremala: ubao wa plaiwudi 120 kwa 90 wenye bawaba, unaegeshwa nyuma ya sofa wageni wakija.

Kisha tukachanganya na ya FundiMaboksi. Treni ni ya Waingereza, mji ni wa kadibodi. Stesheni ya Dar ameijenga yeye kwa maboksi ya biskuti, ameipaka bluu ili iwe tanzanaiti kama ile ya kweli. Imeinama upande mmoja. Mkono ulikuwa unawasha kuinyoosha, nikamkumbuka wa Hamburg, nikaenda kunywa maji.

Ajali tumepata. Kichwa kilikuwa kinalia kama panya, bibi akasema dawa ni mafuta ya nazi, na kabla sijafika sebuleni keshakimiminia. Siku mbili baadaye gia zilikuwa zimeganda. Tukafungua mimi na kijana, bisibisi ya miwani, tukasafisha jino kwa jino kwa spiriti na mswaki wa zamani. Sasa ni mafuta ya cherehani, tone moja kwa ncha ya sindano, na anayeshika sindano ni yeye. Alipoona mota ndani akaniuliza kama babu naye alikuwa anafungua hivi. Nikamwambia babu alikuwa anafungua magurudumu yaliyomzidi yeye kwa uzito mara nyingi. Akanyamaza, akaendelea kusugua.

Kidhibiti mwendo ni chake. Mimi ni wa pointi, zile za kubadili njia, na nasubiri amri. Jana usiku nilidhani amelala, nikawasha nizungushe kidogo peke yangu. Akatokea na bibi yake nyuma. Sikuwa na tiketi. Nimeshushwa Pugu.