Naomba ushauri: Police Academy kwa watoto wa miaka 9 na 12, nianzie ipi?

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri hasa nyie wenye watoto. Madogo wangu wawili wanapenda mno vichekesho vya kudondoka na kugongana, nikawaza niwawekee Police Academy, zile filamu za vichekesho za Kimarekani kuhusu chuo cha polisi, maana yule Michael Winslow anayetoa milio ya bunduki kwa mdomo tu najua watacheka mpaka machozi. Shida ni umri. Ile ya kwanza ya 1984 kule Marekani waliipa R, yaani chini ya miaka 17 haingii sinema bila mzazi au mtu mzima, na wala hawajaonea, matusi yapo, wanawake wanaonekana uchi bafuni, halafu ile sehemu mkuu wa chuo anahutubia wageni huku kuna mtu kajificha chini ya meza ya hotuba, jamani hiyo siwezi kukaa nayo sebuleni na wanangu.

Ya pili, 1985, ikashuka kuwa PG-13, yaani wazazi wanaonywa kuwa baadhi ya mambo hayafai kwa walio chini ya miaka 13, na kuanzia ya tatu ya 1986 mpaka ya saba ya 1994 zote ni PG, yaani mtoto anaweza kuangalia ila mzazi anashauriwa amwongoze.

Sasa nikianzia ya tatu watapotea kwenye stori? Na hiyo PG ya enzi zile niiamini kiasi gani, maana herufi mbili hazikwambii kama kuna utani wa kubeza watu kwa rangi au maumbile yao na hilo linanisumbua kuliko hata matusi. Mliowahi kuziangalia na watoto, sehemu gani mliruka?